Nyumba Hupambwa kwa Ajili ya Nani?

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huu hutumiwa kuwaonya watu wasidanganywe na sura ya nje ya mambo. Lakini waweza pia kuchukuliwa jinsi ulivyo, kama maneno juu ya nyumba yenyewe. Afunguaye mlango na kuingia hukuta sakafu iliyotandikwa kwa namna fulani, kiti kilichowekwa mahali fulani, na ukuta uliotundikwa picha au kikapu. Vitu hivyo havina ulimi. Hata hivyo, kabla mwenye nyumba hajatamka neno la karibu, vimekwisha kumwambia mgeni kama alikuwa akitazamiwa au la.

Tuzungumzapo juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu hutaja ngoma, nyimbo, ngano na mavazi. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoanzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alitaka tujivunie vilivyo vyetu bila kukataa kujifunza mema ya wengine. Tangu hapo ngoma na mashairi vimepata watetezi wengi. Mapambo ya nyumba hayakubahatika hivyo. Yamehesabiwa kuwa shughuli ndogo ya akina mama, au anasa ya mwenye fedha. Katika insha hii nakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Bukoba na Muleba, kwamba kupamba nyumba ni elimu. Kwamba elimu hiyo ilikuwa na majira yake na maonyesho yake tangu zamani. Na kwamba maonyesho ya siku hizi yatatufaa iwapo tu tutayaendea tukiwa na swali la kuuliza.

Nyumba ya asili ya Wahaya ni msonge, au mushonge kwa lugha ya wenyewe: nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, ikasimama katikati ya kibanja cha migomba na mibuni. Asiyeweza kufika Kagera aweza kuiona katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, ambako nyumba ya Kihaya imejengwa pamoja na nyumba za makabila mengine ya nchi yetu. Nyumba hiyo haikuwa na kuta ndefu za kutundikia mapambo, wala madirisha makubwa ya kuleta mwanga. Kwa hiyo pambo lake kuu halikuwekwa mbele ya macho. Lilitandikwa chini ya miguu.

Sakafu ilitandikwa nyasi. Nyasi hizo hazikutoka kibanjani, bali zilikatwa rweya, yaani katika nyika ya wazi iliyo nje ya vibanja, ambako ng'ombe walichungwa, wanawake walilima njugu, na kila kaya ilichuma nyasi za kuezekea, za kutandika, na za kufunika udongo wa migomba usikauke. Nyasi mpya zilipoingia nyumbani zilileta harufu ya nyika baada ya mvua. Zilikuwa zulia, zilikuwa kiti, na usiku zilikuwa kitanda cha watoto na wageni. Juu yake mgeni wa heshima alitandikiwa mkeka. Kisha aliletewa kikapu kidogo kilichofumwa kwa ustadi, chenye buni zilizochemshwa na kukaushwa, atafune huku mazungumzo yakianza. Kikapu kile kilikuwa kizuri, nacho kilikuwa na kazi. Sijaona katika nyumba ya aina hiyo kitu kizuri kisichokuwa na kazi.

Bibi yangu, ambaye nilikulia kwake katika kijiji kimoja cha Muleba, hakuruhusu nyasi zitupwe ovyo sakafuni. Mabua yalipangwa yaelekee upande mmoja, na zile laini zaidi ziliwekwa mahali watakapokaa wazee. Tulipomwuliza kwa nini asiziache zile za zamani, maadamu hazijaoza, alijibu kwa mkato: "Mjukuu wangu, nyasi za jana hazimpokei mgeni wa leo." Sikuwahi kusikia fundisho la mapambo ya nyumba lililo fupi kuliko hilo, wala lililo kamili kuliko hilo. Nyumba hupambwa kwa ajili ya anayekuja, na hupambwa upya kwa kuwa kuja kwake ni kupya.

Hapo ndipo majira yanapoingia. Katika Kagera, mwezi wa Novemba ni mwezi wa mvua na senene, na baada yake huja Noeli. Watu wa Bukoba na Muleba walio Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi kwao kwa wingi wakati huo. Mabasi hujaa, na vijiji vilivyokuwa na wazee watupu hujaa sauti za watoto wasiojuana. Kabla hawajafika, nyumba hutengenezwa. Kuta hupakwa chokaa au rangi, ua hufagiliwa, migomba iliyokauka majani husafishwa, na zamani hakuna nyumba iliyothubutu kuingia sikukuu bila nyasi mpya. Kwa Waislamu wa Bukoba, sikukuu za Idi nazo zina desturi kama hiyo: mikeka hutolewa, mapazia hufuliwa, na sinia lililohifadhiwa mwaka mzima hupata kazi yake.

Katika siku hizo kijiji kizima hugeuka kuwa maonyesho, ingawa hakuna anayeyaita hivyo. Watu hutembeleana nyumba kwa nyumba. Binti huona jinsi jirani alivyopanga vikapu vyake, akaenda kwao akajaribu. Seremala huona kiti kilicholetwa kutoka mjini, akakigeuzageuza na kukipima kwa shubiri, na kabla ya Pasaka kiti cha namna ile kimekwisha kutengenezwa kwa mbao za pale pale. Kanisani, waumini hujenga pango la Noeli, na wengi hulijenga kwa vitu vinavyowazunguka: majani ya mgomba, nyasi na matawi. Katika arusi, migomba mizima yenye mikungu husimikwa pande mbili za njia iingiayo uani, hata mgeni akajua kutoka mbali kwamba hapa kuna furaha. Hakuna aliyelipa kiingilio, na hakuna aliyerudi kwake bila kujifunza.

Nyumba zenyewe zilibadilika. Fedha za kahawa zilileta mabati, na mabati yalileta nyumba ya pembe nne yenye vyumba, madirisha na kuta ndefu. Ukuta mrefu ulitaka kutundikwa kitu: picha ya arusi, picha ya kiongozi, kalenda, msalaba au aya. Sakafu ya saruji ilitaka kudekiwa, na nyasi zikaanza kuonekana kuwa uchafu. Viti vya mbao vilivikwa vitambaa vilivyofumwa kwa sindano na wasichana waliojifunza kazi hiyo mashuleni na katika misheni. Wengine huvicheka vitambaa hivyo siku hizi, mimi sivicheki. Mwanamke aliyekaa jioni nyingi akifuma waridi kwa uzi mweupe, ili mgeni aegemeze kichwa chake juu yake, alikuwa akiendeleza kazi ya nyasi kwa vifaa vingine.

Sasa tuyaangalie maonyesho yenye jina hilo. Wengi wetu tulioishi miaka ya 1970 na 1980 tunaikumbuka Sabasaba, siku ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, iliyokuja kuwa pia sikukuu ya wakulima. Katika miaka ya 1990 sikukuu ya wakulima ilihamishiwa tarehe 8 Agosti, ikaitwa Nanenane, na Sabasaba ikabaki kuwa siku ya maonyesho makubwa ya biashara ya Dar es Salaam. Mkoani Kagera maonyesho ya Nanenane yamekuwa yakifanyika katika viwanja vya Kyakairabwa, Bukoba. Huko mtu hukuta migomba ya mbegu bora, ng'ombe wa maziwa na mizinga ya nyuki. Lakini hukuta pia kazi za mafundi, vyuo vya ufundi, na vikundi vidogo vinavyolelewa na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 ili kuhudumia viwanda vidogo. Kuna vitanda, makabati, viti vya kusukwa, mikeka ya rangi, vikapu na mapazia. Nje ya siku hizo, barabara zenyewe ni maonyesho: pale Bukoba mjini na pale Muleba, maseremala huyapanga makochi na vitanda mbele ya karakana zao, vumbi likiyapaka na jua likiyapausha.

Mimi hupenda kusimama mahali kama hapo nikawatazama watazamaji. Wengi huja na macho, wachache huja na kipimo. Seremala mmoja wa Muleba aliniambia maneno yaliyonichekesha, kisha yakanifikirisha. "Mwalimu," alisema, "watu hununua kochi kwa macho, halafu hulileta nyumbani wakakuta mlango haukushauriwa." Alikuwa amekwisha kuitwa mara kadhaa kwenda kung'oa fremu ya mlango ili kochi lipite. Lililopendeza chini ya anga, penye nafasi ya uwanja mzima, likawa tembo katika sebule ya hatua nne kwa tano.

Lakini mlango si jambo kubwa. Fremu hung'olewa na kurudishwa. Jambo kubwa lilinijia siku nilipohudhuria msiba katika nyumba mpya ya jirani. Ilikuwa nyumba nzuri, yenye vigae vinavyong'aa, makochi mapana ya sponji, kabati refu la vyombo, na meza ya kioo katikati. Majirani walifika jioni, wanaume kwa wanawake, wapate kukaa na wafiwa usiku ule kama ilivyo desturi. Hawakuwa na mahali pa kukaa. Makochi yaliyojaza sebule yaliweza kuwapokea watu saba. Waliokuja walikuwa zaidi ya arobaini. Vijana ilibidi waanze kuyatoa nje moja baada ya jingine, huku wafiwa wakiwa wamesimama ukutani kama wageni katika nyumba yao. Meza ya kioo ilipokwisha kutolewa, wanawake wakaleta mikeka, na mzee mmoja akaleta mzigo wa nyasi kutoka kwake. Zilipotandikwa, watu wakaketi, na kilio kikapata mahali pake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, kila nionapo samani katika maonyesho: hii itafanya nini siku ya msiba? Itafanya nini siku ya arusi, siku wajukuu wanaporudi kwa Noeli, siku mgonjwa anapoletwa kulala karibu na barabara ili awahi hospitali? Nyumba yetu si chumba cha watu watatu wanaotazama ukuta mmoja. Nyumba yetu hupanuka na kusinyaa kwa majira, kama ziwa. Pambo lisiloweza kupanuka na kusinyaa pamoja nayo ni pambo la nyumba ya mtu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba namtaka Mhaya arudi katika msonge. La hasha. Nyumba ya nyasi ilikuwa na moshi, viroboto na hatari ya moto, na hakuna mama aliyepata nyumba safi ya saruji atakayekubali kuiacha kwa ajili ya insha yangu. Tena nyasi zenyewe zimekuwa adimu. Rweya nyingi zimegawanywa kwa watu binafsi, zikapandwa mikaratusi na misonobari; anayetaka mzigo wa nyasi huenda mbali au hununua. Miti ya kale ya samani nayo imepungua, kwa kuwa mvule huchukua miaka mingi kukua na siku moja kukatwa. Kisha likaja tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ambalo liliua watu na kubomoa au kupasua nyumba nyingi katika Bukoba na wilaya za jirani. Wengi walijenga upya, na aliyejenga upya alilazimika kuamua upya ndani ya nyumba mtakuwa na nini. Kwa hiyo swali si kama tubadilike. Swali ni tuchukue nini tunapobadilika.

Tutazame jinsi wengine walivyolijibu. Nchini Japani, watu wana mikeka minene iitwayo tatami, iliyofunikwa kwa ufumaji wa nyasi za majimaji. Katika nyumba ya jadi ya nchi hiyo mtu huvua viatu, hukaa na kulala juu yake, kama bibi zetu walivyokaa na kulala juu ya nyasi za rweya. Ukutani huachwa kishubaka kimoja, tokonoma, ambamo huwekwa mchoro mmoja na ua moja tu. Navyo hubadilishwa majira yanapobadilika. Nchi hiyo ina viwanda vikubwa kuliko vyetu, wala haikuona kwamba nyasi sakafuni ni dalili ya ushamba. Hapa kwetu Pwani, nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zina zidaka, safu za vishubaka vilivyochongwa katika chokaa, vikapangwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Kauri zilikuwa za kigeni, lakini zidaka zilikuwa za nyumbani, na kigeni kilipata mahali kilipoandaliwa mahali.

Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, nchini Uganda, gome la mti wa jamii ya mtini hupondwa mpaka likawa kitambaa. Ufundi huo wa Waganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, nao ukaingizwa katika orodha ya urithi huo mwaka 2008. Wazee wa Kagera nao walilijua vazi la gome. Leo mafundi wa Uganda hulifanya gome hilo mapazia, vifuniko vya taa na mapambo ya ukutani. Hawakurudi nyuma; walichukua kitu kilichokuwa kikingoja katika historia yao, wakakiuliza kama kina kazi nyingine. Hata katika maonyesho makubwa ya samani ya Milan, nchini Italia, yaliyoanza mwaka 1961, wengi hawaendi kununua kila wakionacho. Huenda kutazama jinsi tatizo la kukaa, kulala na kuhifadhi lilivyotatuliwa na wengine.

Kwa hiyo napendekeza kwamba mwanafunzi aendaye Kyakairabwa, au apitaye mbele ya karakana ya seremala, awe na maswali matatu. La kwanza: kitu hiki kitawapokea wangapi, na wakizidi kitakwenda wapi? Benchi refu lenye sanduku la mikeka chini yake ni jibu bora kuliko kochi lisilosogea. La pili: kimetokana na nini, na je, hicho kipo kwetu? Mbao za mgrivilea zinazokua kibanjani kando ya mibuni zina mishipa mizuri ya kupendeza macho, na mpandaji aweza kuzivuna angali hai. La tatu: kikivunjika, nani katika kijiji chetu aweza kukitengeneza? Kiti ambacho fundi wa jirani hawezi kukishika kitakuwa kuni mapema kuliko tudhanivyo.

Walimu nao wana kazi hapa. Tunafundisha hesabu za eneo kwa mistatili isiyokuwa na mwenyewe. Tungeweza kuwaambia watoto wapime sebule zao, wahesabu watu waliolala humo wakati wa Noeli, wachore sebule itakayowatosha. Tunafundisha historia ya falme za Ihangiro na Kyamutwara. Tungeweza kuwatuma wawaulize bibi zao majina ya mikeka, ya vikapu na ya nyasi, kabla majina hayo hayajafuata nyasi zenyewe. Mwisho wa muhula shule ingeweza kuwa na maonyesho yake madogo: mkeka wa mwanafunzi huyu, kigoda cha yule, pazia la wengine, na chini ya kila kimoja maandishi machache yaelezayo kazi yake siku ya furaha na siku ya msiba. Rweya chache zilizobaki mikononi mwa vijiji nazo zingestahili kutunzwa, sehemu kwa ng'ombe na sehemu kwa nyasi, kwa maana utamaduni usiokuwa na shamba lake haudumu.

Kupenda kitu kizuri si dhambi, na kijana anayetamani kochi la sponji hastahili kukemewa. Mzazi wake naye alitamani bati. Lakini uzuri una mtihani wake, nao haufanyiki uwanjani Agosti, wakati kila kitu kina vanishi mpya na muuzaji anatabasamu. Hufanyika usiku, mvua ikinyesha, watu wamekuja bila kualikwa kwa sababu kuna jambo, nao wanasimama mlangoni wakisubiri kuonyeshwa mahali pa kukaa. Nyumba iliyo na mahali hapo imepambwa. Tuwafundishe watoto wetu kuitambua, kisha tuwaachie rangi wachague wenyewe.